Mashine Inasikia Rupia, Haisikii Kauri

Wako watu wanaosadiki kwamba mashine ya kutambua madini ardhini inajua pesa. Watakwambia kuwa mashine rahisi hulia kwa kila kitu, lakini ile ya bei kubwa hulia kwa sarafu na kuzinyamazia takataka, na kwamba mwenye nayo hana kazi ila kuifuata sauti nzuri na kuchimba. Imani hii imetoka Ulaya na Marekani pamoja na mashine zenyewe. Huko ni mchezo wa siku za mapumziko, watu wanatembea mashambani na ufuoni na hedifoni masikioni. Huku kwetu mashine hizo huletwa na ndugu waliokwenda ng'ambo, au hununuliwa na vijana waliosikia habari za hazina, na zikishafika hutumiwa kwa maelekezo yale yale ya huko zilikotengenezwa.

Mimi nasema maelekezo hayo hayafai katika ufuo wa Ziwa Viktoria. Atakayeyafuata pale Kisumu, Kendu Bay au Homa Bay atachimba chubwi za wavuvi kutwa nzima, na ile pesa yenye habari ya kusimulia ataipita ikiwa chini ya unyayo wake. Tena, msomaji, neno hili lisikupite kwa kuwa wewe uko Mvita au Lamu na ziwa liko mbali. Pesa yenyewe huenda ikawa ni ya kwenu.

Kwanza tuielewe mashine. Ile sahani yake ya chini ina nyaya zilizozungushwa, nazo hutoa nguvu za sumaku zinazobadilika maelfu ya mara kwa kila sekunde. Nguvu hizo zikikuta kipande cha madini huamsha umeme mdogo unaozunguka ndani ya kipande hicho, na umeme huo nao hutoa sumaku yake, ambayo mashine huipokea na kuipima. Basi, ni hayo tu. Mashine haioni kichwa cha mfalme wala haisomi mwaka. Inapima jinsi jawabu linavyorudi: kwa nguvu gani, na kwa kuchelewa kiasi gani. Kitu kinachopitisha umeme vizuri na chenye unene, kama rupia ya fedha, hujibu kwa namna moja; karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara hujibu kwa namna nyingine; na chuma, kwa vile chavutwa na sumaku, kina namna yake peke yake. Mtengenezaji huzigeuza tofauti hizo zikawa sauti, ya juu, ya kati, na mkoromo wa chini. Kisha yule aliyeko kiwandani akaandika kwenye kioo kuwa sauti hii ni sarafu na ile ni takataka. Sarafu za nani? Za kwao, bila shaka. Hakuwahi kuiona thumuni yetu wala ndururu.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho kila mwenye mashine hii angepaswa kukijua. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua ilipojificha mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaleta chombo chake cha kusikiliza madini. Chombo kilikuwa kimejaribiwa na kikafaulu. Lakini kitandani pa Rais kilitoa sauti za kubabaisha, na risasi haikupatikana. Moja katika sababu zilizotajwa baadaye ni kuwa kitanda kile kilikuwa na springi za feleji chini ya mgonjwa. Garfield akafa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Mashine haikusema uongo. Ilisikia chuma, na chuma kilikuwako. Waliokuwa juu ya mashine ndio waliotaka sauti ile iwe risasi.

Na hivi ndivyo ilivyo hata leo, ijapokuwa mashine zimekuwa na kioo na namba na taa. Fundi wa kazi hii hutazama kwanza uthabiti wa sauti. Sarafu ni duara; ukiipitia kutoka kushoto, ukaipitia kutoka kulia, kisha ukazunguka ukaipitia kwa kukata msalaba, hujibu vile vile, sauti fupi iliyokatika safi. Msumari ni mrefu. Huweza kulia vizuri ukipitiwa upande mmoja, nawe ukigeuka robo duara ukakoroma au ukanyamaza kabisa. Kizibo cha soda ni duara pia, lakini ni feleji nyembamba, na aghalabu sauti yake hukwaruza pembeni na namba zake hurukaruka. Bati lililochakaa au mfuniko wa sufuria hulia juu kama fedha, ila ukiinua sahani polepole sauti yake huendelea kukufuata, ilhali sarafu ukiinua kidogo tu hupotea. Hayo yanajifunzika kwa wiki chache. Yasiyojifunzika kwa urahisi ni yale ambayo udongo wenyewe huyafanya: sarafu ikisimama kwa ubavu hujibu kinyonge, na ikilala kando ya msumari, msumari ndio unaosema kwa niaba ya wote wawili.

Hapa watu wa pwani tungedhani ziwani kuna nafuu, na kwa upande mmoja ipo. Mchanga wetu ulioloa maji ya chumvi hupitisha umeme wenyewe, hata mashine nyingi zikifika ukingoni mwa maji Nyali au Malindi huanza kulialia ovyo bila ya kuwapo kitu. Maji ya ziwa ni matamu, hayana fitina hiyo. Lakini mchanga mweusi unaokusanywa na mawimbi ufuoni una chembe za chuma ndani yake, na mahali penye mchanga huo mashine isiyorekebishwa kwa udongo wa hapo hutoa kelele moja ndefu, ama huona kila kitu kuwa ni chuma. Mwenye pupa hulaumu mashine. Mwenye subira husimama, akairekebisha juu ya udongo mtupu, ndipo akaanza.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, kwani kazi hii ni bure kwa asiyejua ni fedha gani zilizopita mahali hapo na zilitengenezwa kwa madini gani. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, na ndipo Kisumu ya leo ikaanza kuwa mji wa gati na maduka. Mshahara wa kuli, bei ya duka na kodi ya nyumba vyote vilihesabiwa kwa rupia ya Kihindi, gramu 11 na ushei, fedha kwa sehemu zaidi ya tisa katika kumi. Huyo ndiye mfalme wa sauti. Popote ilipo rupia nzima, isipokuwa imezama mno au imefunikwa na chuma, hata mgeni wa kazi ataisikia.

Lakini baada yake mambo hugeuka. Mwaka 1907 ilitolewa senti moja ya alumini, nyepesi kama unyoya, yenye tundu katikati. Haikudumu, mwaka 1909 senti hiyo ikaanza kupigwa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Nikeli, msomaji, ni kitu cha ajabu kidogo: ukiitia katika shaba, uwezo wa shaba wa kupitisha umeme hushuka sana, na sauti hushuka pamoja nao. Kwa hiyo senti ndogo ya nikeli hujibu pale pale anapojibu kipete cha kufungulia mkebe wa soda. Rupia ikaondoka, ikaja florini mwaka 1920, ikafuatwa na shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, ile ya simba na milima. Watu wengi huidhani kuwa ni fedha tupu kwa weupe wake. Ilikuwa fedha robo tu, na shilingi zilizopigwa tangu 1948 hazikuwa na fedha hata chembe. Zile senti 5 na 10 zenye tundu zilikuwa za shaba nyekundu. Kenya ilipotoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1966, senti 5 na 10 zilikuwa za shaba ya manjano, na thumuni na shilingi zikawa za shaba na nikeli.

Halafu ziko za siku zetu. Shilingi iliyopigwa mwaka 1995 ni feleji iliyopakwa shaba ya manjano juu. Ukiisogezea sumaku inaruka na kunasa. Ukiweka mashine katika hali ya kunyamazia chuma, kama maelekezo yasemavyo, fedha halali ya Jamhuri iliyodondoka jana sokoni Kibuye huweza kuhesabiwa pamoja na misumari. Hapo ndipo napenda kumuuliza yule anayesema mashine yake inajua pesa.

Upande wa pili ni takataka, na takataka za Kisumu si takataka za Uingereza. Huko wanalalamikia vifungo vya koti na vipande vya plau. Kisumu ni mji wa reli na meli. Meli za kwanza za ziwa, kama William Mackinnon na Winifred, ziliungwa hapo hapo ufuoni kutokana na vipande vilivyosafirishwa toka mbali, na ufundi wa meli umeendelea katika mji ule tangu siku zile, kwa hiyo ribiti, waya wa shaba, vali na vipande vya bomba vimo ardhini kwa vizazi. Fuo za wavuvi nazo zina mambo yake: chubwi za wavu ambazo ni risasi tupu, na risasi hulia laini na kwa uthabiti kama sarafu ya ukubwa wa kati, vipande vya karabai walizotumia kuvulia omena, yaani dagaa wa ziwani, ndoana, misumari ya ngalawa, na alumini ya sufuria iliyoyeyuka motoni ikaganda kama tone. Kusini zaidi, kuelekea Kisii, ambako Wajerumani waliingia na kupigana na Waingereza mwezi wa Septemba 1914, maganda ya risasi ya shaba ya manjano yanalia vizuri kiasi cha kumfanya mtu aote hela za Mjerumani. Na hela, kwa kuwa tumelitaja, ni jina la sarafu ya Dar es Salaam ya wakati ule, kama pesa ilivyo jina la paisa ya Unguja. Sisi tumezisahau sarafu tukabakiwa na maneno.

Jambo jingine ambalo mgeni halijui ni kuwa ufuo umehama. Baina ya mwaka 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda zaidi ya mita mbili, na mwezi wa Mei 2020 yakafika kimo kilichopita hata kile cha 1964, yakaingia majumbani na mashambani. Anayepekua ukingo wa maji wa leo akidhani anatembea walipotembea wapagazi wa mwaka 1900 anajidanganya. Pengine anatembea kwenye shamba la mihogo la mtu.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera zaidi. Kitufe cha kunyamazia chuma ndicho kinachosifiwa kuliko vyote katika mashine hizi. Kwa Mwingereza ina maana, kwa sababu kwake chuma ni chuma na pesa ni pesa. Lakini kando ya ziwa hili chuma kilikuwa pesa. Wasamia, walioyeyusha mawe ya chuma katika milima yao kaskazini ya ziwa, walifua majembe yaliyouzwa mbali na kwao, na jembe lilikuwa mali ya kununulia na ya kutolea mahari kabla hajazaliwa mtu wa kuitamka rupia. Kipande cha jembe la Samia kikikoroma chini ya sahani, mashine itasema takataka, na kijana atapita. Ataacha benki ya watu wa kale akakimbilia kizibo cha soda kilicholia vizuri.

Na masango je? Misafara ya pwani ilipokwenda bara ilibeba nguo, ushanga na waya wa shaba, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani; kwa sarafu usingeuziwa hata kibaba cha mtama. Waya wa shaba ukifungwa ukawa pete nzima, mashine huusikia vizuri. Ukikatika, umeme hauna tena njia ya kuzunguka, na sauti huwa hafifu, ya kutiliwa shaka, ile ambayo vitabu vyote vinasema usipoteze muda nayo. Kumbe ndiyo iliyokuwa thamani ya kuku na maboga ya msafara mzima.

Zaidi ya hapo mashine ni kiziwi kabisa. Kauri haisikii, na kauri zilikuwa pesa ya Uganda na ng'ambo zote za ziwa kwa muda mrefu, zikitoka bahari hii yetu. Ushanga hausikii. Kigae cha chungu hakisikii. Zile kauri zilizookotwa pwani na Mswahili, zikabebwa kichwani na mpagazi kupita jangwa la Taru na bonde la Ufa, zikahesabiwa na mfanyabiashara ziwani, zimelala kimya hapo hapo ambapo mashine inashangilia kifuniko cha bia. Mtu akichimba ovyo kuifuata ile sauti, jembe lake huzivunja na kuzitupa kando pamoja na udongo. Hii ndiyo hasara ninayoizungumza. Takataka zilizochimbwa zinazolewa. Kilichovurugwa hakirudishwi mahali pake.

Tuseme sasa kwamba sauti ni thabiti, fupi, safi kutoka pande zote, si nzito ya kuzama wala si ya kukwaruza, na chini yake, kama shibiri moja ya udongo, imetokea sarafu ya shaba yenye rangi ya kijani. Upande mmoja una mizani. Kijana wa Nyalenda au Manyatta ataiona mizani, na ataona mikwaruzo ambayo haielewi. Mikwaruzo ile wewe unaielewa tangu chuoni: ni tarakimu za Kiarabu, na zikisoma 1299 basi hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash bin Said wa Unguja, sawa na mwaka 1882. Zikisoma 1306, na kukawa na jina la Mombasa na mwaka 1888 kwa herufi za Kizungu, hiyo ni pesa ya ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala kabla ya Serikali ya Uingereza kushika nchi mwaka 1895. Zote mbili zina uzito wa karibu gramu sita na nusu. Kwa mwenye mashine ni "shaba, ukubwa wa kati, imechakaa". Kwa yeyote anayetaka kujua babu zetu walifika wapi na lini, walikaa wapi na walinunua kwa nani, ni ushahidi, kwa kuwa, kama nilivyosema, sarafu hazikuwa pesa ya njia ile kabla ya reli. Moja ikiwa imelala ziwani, pana mtu aliyeileta. Njia ya Mumias, kwa Nabongo Mumia, ilikuwa ya watu wetu. Uislamu wa magharibi ya Kenya una mizizi pale, kabla haijajengwa misikiti ya Kisumu na Kendu Bay.

Hapa pana suala ambalo Mwislamu halikwepi: ni ya nani? Wengine wamelishika neno moja tu walilolisikia darasani, kuwa kilichozikwa ni rikazi, mtu hutoa khumsi na zilizobaki ni zake. Lakini walisome neno lote. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa zama za ujahili, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe au ardhi ambayo mwenye kuipata ndiye aliyeihuisha. Ikipatikana katika shamba la mtu, mwenye shamba ana haki ya kwanza. Ikiwa na alama ya Kiislamu, kama jina la mtawala Mwislamu, si rikazi hata kidogo. Huingia katika hukumu ya luqata, kitu kilichookotwa, na luqata yenye thamani hutangazwa mwaka mzima. Kwa hiyo pesa ya Barghash hata ingekuwa ya fedha haingekuwa hazina ya kugawana jioni. Mashekhe wataeleza marefu na mapana yake. Mimi nataka tu ionekane kwamba fiqhi ilikwisha uliza swali ambalo mashine haina kitufe chake.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imeweka mpaka katika mwaka 1895: kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo ni kitu cha kale, na kukitafuta kwa kuchimba kunataka leseni. Mwenye kugundua kitu cha namna hiyo hutakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho katika muda wa siku 7, na kueleza mahali hasa alipokipata na namna alivyokipata. Angalia mpaka huo unavyokata. Mji wa Kisumu wenyewe ni wa baada ya 1895, na sarafu nyingi zilizodondoka gatini na sokoni ni za baada yake. Zilizo upande wa pili wa mpaka ni hizi zetu, za Unguja na Mvita, pamoja na majembe, masango na kauri. Mtu akitafuta pete ya mkewe iliyopotea Dunga, au shilingi za watoto mchangani, hana ugomvi na mtu. Akishaingia kwenye ngome za mawe kama Thimlich Ohinga kule Migori, ambayo tangu mwaka 2018 imo katika Urithi wa Dunia, au kwenye mahame yaliyoachwa, hayo hayana tena jina la mchezo.

Nitajibiwa kuwa wenye leseni ni wachache na vitu vinaoza ardhini, heri avitoe kijana kuliko viliwe na kutu. Hoja hii ina uzito, siidharau. Lakini shaba iliyolala miaka 130 italala na mwaka mwingine. Tazama Mtambwe Mkuu, kule Pemba. Mwaka 1984 zilipatikana hapo sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vijisarafu vidogo, pamoja na dinari kadhaa za dhahabu za ugenini. Baadhi ya zile za fedha zina majina ya watawala wa huku huku, na zimewafundisha wataalamu mengi juu ya pwani ya karibu miaka elfu moja iliyopita, kwa kuwa zilipatikana pamoja na mahali pake pakajulikana. Tuseme zingechimbwa moja moja usiku, zikauzwa moja moja Mombasa na Dar es Salaam. Leo tungekuwa na mapambo ya fedha elfu mbili shingoni mwa wageni, na Mtambwe ingekuwa kijiji tu.

Na hao wauzaji wana lao. Maneno yanapitishwa kuwa rupia ya Malkia Viktoria ina thamani ya mamilioni, kuwa sarafu ya zamani ikiwa na alama fulani hununuliwa na Wazungu kwa bei ya gari. Rupia za Viktoria zilipigwa kwa mamilioni huko India. Ya kawaida, iliyochakaa, haina thamani inayozidi sana ile ya fedha iliyomo. Anayemwambia kijana wa Kisumu auze ng'ombe anunue mashine kwa ajili ya rupia anataka kumuuzia mashine. Ni wauza majembe ndio wanaotajirika palipovumishwa dhahabu.

Basi ningekuwa na la kumwambia kijana huyo, ambaye sina kinyongo naye maana udadisi wake ni mzuri, ningemwambia kwanza asikinyamazishe chuma. Asikilize yote, mkoromo na mlio, na kabla hajachimba ajue yuko juu ya ardhi ya nani na kwa ruhusa ya nani. Sauti ikiwa ya shaka asiidharau. Sauti ikiwa nzuri asiishangilie. Achimbe shimo jembamba, alifukie, takataka aondoke nazo. Na siku ile itakapotokea shaba ya kijani yenye mizani na tarakimu za Kiarabu, asiifikirie ndimu na majivu kama tusafishavyo sinia za arusini, kwani tindikali ya ndimu hula yale maandishi yenyewe. Aiache na udongo wake, aifunge katika karatasi, aandike alipoipata kwa hatua kutoka mti au ukuta unaojulikana, kina chake, na kilichokuwa kando yake hata kikiwa ni msumari au kauri iliyopasuka. Makumbusho ya Kisumu yako mjini hapo hapo tangu mwaka 1980. Aipeleke kabla siku 7 hazijapita, na asirudi pale na jembe mpaka apate jawabu.